Kutoka Brooklyn hadi Bedrock: Maoni Juu ya Suala la Kuiga katika Futuhi za Televisheni

Katika uhakiki wetu wa fasihi kuna neno ambalo likishatamkwa mjadala hufungwa, nalo ni kuiga. Mtunzi akishaambiwa kuwa ameiga, huwa amekwisha kuhukumiwa, na ni mara chache mhakiki hujisumbua kuuliza ni nini hasa kilichochukuliwa, kilichukuliwa kwa haja gani, na ni nini kilichoachwa nyuma. Hivyo ndivyo alivyosomwa kwa muda mrefu Mohamed Said Abdulla. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960, mengi yamesemwa juu ya kiko cha Bwana Msa na undugu wake na Sherlock Holmes, na machache mno juu ya yale ya Holmes ambayo hayakupata nafasi Unguja. Maoni yangu ni kwamba swali hilo la mwisho, la kilichoachwa, lina manufaa kuliko mengine yote.

Ili kulionyesha hilo nitatumia mfano ulio nje ya Kiswahili na nje ya vitabu. Ni mfano wa vipindi viwili vya televisheni ya Marekani: The Honeymooners, yaani “Walio Fungate”, kilichochezwa na waigizaji watu, na The Flintstones, kilichochorwa kwa vibonzo, ambacho kilianza kuonyeshwa mwaka ule ule wa 1960. Vyote viwili ni futuhi za mfululizo, zile ambazo wahusika wale wale hurudi kila wiki katika nyumba ile ile wakiwa na matatizo yale yale. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu moja: hakuna anayebisha kwamba kuiga kulitokea. Watazamaji waliuona ufanano huo tangu mwanzo, na watengenezaji wenyewe hawakuuficha. Kwa hiyo hatuna haja ya kumaliza karatasi tukithibitisha kosa. Tunaweza kwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Tuanze na mkubwa. The Honeymooners ilizaliwa mwaka 1951 ikiwa kichekesho kifupi tu ndani ya kipindi cha mchanganyiko kilichoongozwa na Jackie Gleason katika kituo cha DuMont. Mwaka 1952 Gleason alihamia CBS akaenda nayo. Katika msimu wa 1955 hadi 1956 ilisimama peke yake kwa nusu saa kila Jumamosi, na vipindi 39 vya msimu huo ndivyo vinavyokumbukwa hadi leo. Vilirekodiwa katika ukumbi wa Adelphi mjini New York mbele ya hadhira ya watu wapatao elfu moja, na jambo hili la hadhira nitalirudia.

Mhusika mkuu ni Ralph Kramden, dereva wa basi mjini Brooklyn, mtu mnene, mwenye sauti kubwa, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kuamini kwamba wiki ijayo atakuwa tajiri. Mshahara wake ni dola 62 kwa wiki. Mkewe Alice, aliyechezwa na Audrey Meadows, ana akili kumzidi na anajua hivyo. Ghorofa ya juu anaishi rafiki yake Ed Norton, mfanyakazi wa mifereji ya maji machafu, aliyechezwa na Art Carney, pamoja na mkewe Trixie. Karibu yote hutendeka katika chumba kimoja: meza, viti, jiko, karo, sanduku la kuhifadhia chakula kwa barafu, na dirisha linalotazama ngazi ya chuma ya kukimbilia moto. Anwani ya chumba hicho ni nambari 328, Chauncey Street. Haikubuniwa. Ni anwani aliyoishi Gleason mwenyewe utotoni, katika familia ambayo baba aliondoka siku moja ya mwaka 1925 asirudi tena. Atazamaye kwa makini ataona kwamba chumba kile kimepangwa na mtu aliyewahi kukikalia. Hakuna kitu cha ziada ndani yake.

Ufukara huo ndio injini ya vichekesho. Katika kipindi cha kwanza kabisa cha vile 39, kilichoonyeshwa tarehe 1 Oktoba, 1955, Alice anataka televisheni kwa sababu amechoka kukodolea macho jiko na kuta siku nzima. Ralph hana uwezo wa kuinunua, hivyo anachanga fedha na Norton wanunue moja ya shirika, na ugomvi wote unatokana na ushirika huo: televisheni itakaa kwa nani, nani atatazama nini. Tunacheka, lakini tunachocheka ni hesabu ya mtu ambaye fedha zake hazitoshi. (Kuna kejeli nyingine ambayo sidhani kama ilikusudiwa: mdhamini wa kipindi hicho kuhusu mwendesha basi asiye na gari alikuwa Buick, mtengenezaji wa magari.)

Mdogo alikuja tarehe 30 Septemba, 1960, katika kituo cha ABC. Fred Flintstone ni mtu mnene, mwenye sauti kubwa, mwepesi wa hasira, afanyaye kazi katika machimbo ya mawe katika mji wa kale wa Bedrock. Mkewe Wilma ana akili kumzidi. Jirani yake Barney Rubble ni mcheshi mwenye moyo mweupe kama Norton, naye ana mke, Betty. Ralph na Norton ni wanachama wa chama cha wanaume chenye kofia za manyoya ya rakuni, wakati Fred na Barney ni wanachama wa chama cha wanaume chenye kofia za pembe za nyati. Ralph ana mipango ya utajiri inayoharibika kabla ya nusu saa kwisha, na Fred hali kadhalika. William Hanna alikiri waziwazi kwamba The Honeymooners ndicho kilichokuwa kipindi cha kuchekesha kuliko vyote machoni pake, na mwenzake Joseph Barbera alisema kulinganishwa nacho ni kusifiwa. Inasimuliwa kwamba Gleason alifikiria kushtaki, na kwamba mawakili wake walimweleza kuwa huenda angeshinda, lakini angejulikana nchini kote kama mtu aliyemwondoa Fred kwenye televisheni. Hakushtaki.

Mara nyingi simulizi huishia hapo, pale kwenye kesi ambayo haikufunguliwa. Lakini ni kwa haja gani Hanna na Barbera walikwenda kubisha hodi Brooklyn? Hawa hawakuwa watu waliokosa ubunifu. Walikuwa wamefanya kazi karibu miaka ishirini katika kampuni ya MGM wakitengeneza filamu za Tom na Jerry, paka na panya ambao karibu hawasemi neno. Katika filamu hizo kichekesho kilikuwa mwendo: kukimbia, kuanguka, kubamizwa ukutani, na kila mwendo ulichorwa kwa picha nyingi na kwa fedha nyingi. Mwaka 1957 MGM iliifunga idara hiyo, nao wakaanzisha kampuni yao na kuingia katika televisheni, ambako fedha zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile walizozizoea. Ikawabidi kupunguza michoro. Mwili ukasimama, mdomo peke yake ukasogea. Mandhari ile ile ikapita nyuma ya mkimbiaji mara tano, sita. Wahusika wakavikwa kola au tai shingoni, kama yule dubu wao Yogi, ili kichwa kiweze kuchorwa upya bila kugusa kiwiliwili.

Sasa, kibonzo kisichoweza kukimbia kitachekesha kwa nini? Kwa maneno. Na ni wapi katika televisheni ya wakati ule palipokuwa na futuhi ya watu waliosimama chumbani wakijibizana? Hapo ndipo ulipo, kwa maoni yangu, undugu halisi wa kazi hizi mbili, na ni undugu wa fani kabla ya kuwa wa maudhui. Futuhi ya chumba kimoja ilihitaji kuta tatu na waigizaji wanne kwa sababu jukwaa lilikuwa dogo, na futuhi ya vibonzo iliihitaji kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo. Kwamba hilo halikuwa suala la Fred peke yake linadhihirishwa na kazi zilizofuata za kampuni hiyo hiyo. Top Cat ya 1961 ilimtwaa mjanja wa jeshi kutoka The Phil Silvers Show ikamfanya paka wa kichochoroni, na hata mwigizaji Maurice Gosfield, aliyekuwa askari mnene katika kipindi cha kwanza, akaitwa kutoa sauti ya paka mnene katika cha pili. Katika The Jetsons ya 1962, sauti ya mke ilitolewa na Penny Singleton, ambaye watazamaji walimjua tangu miaka ya 1930 kwa kucheza mke katika filamu za Blondie. Kampuni ilikuwa ikiazima sauti kwa sababu sauti ndiyo iliyobaki baada ya mwendo kuondolewa.

Tukishaelewa haja hiyo, ndipo tunaweza kuuliza kilichoachwa. Jibu langu ni fupi: uliachwa ufukara.

Fred ana nyumba yake mwenyewe, ya ghorofa moja, yenye bustani. Ana gari, hata kama ni la kusukuma kwa miguu. Wilma ana kila chombo ambacho Alice hakuwahi kukiona isipokuwa katika dirisha la duka: cha kuoshea vyombo, cha kufyonzea vumbi, cha kukatia majani. Mzaha mkuu wa Bedrock, ule ambao hakika haukutoka Brooklyn, ni kwamba vyombo hivyo vyote ni wanyama. Mkonga wa tembo wa kale ndio bomba la kuogea. Mdomo wa ndege ndio sindano ya santuri. Winchi ya Fred kazini ni dinosaria. Kwa maneno mengine, kipindi kilimchukua mwendesha basi wa Brooklyn kikamhamishia katika kitongoji kipya cha miaka ya 1960, kikampa mkopo wa nyumba na jiko la kisasa, kisha kikavifunika vyote kwa jiwe ili vionekane vya kale. Mipango ya utajiri ilibaki, lakini sababu yake ilipotea. Ralph anapotupa akiba ya familia katika biashara ya kipuuzi, tunaogopa kidogo. Fred anapofanya hivyo tunajua kwamba wiki ijayo nyumba itakuwa pale pale.

Hata hivyo, kitu kilichofukuzwa mlangoni kilirudi kwa njia nyingine, na sijui kama waandishi walitambua. Mara kwa mara, baada ya Wilma kukitumia chombo, yule mnyama aliye ndani yake hugeuka, hututazama sisi, na kusema kwa uchovu kwamba basi, ndiyo riziki yenyewe. Kisha hurudi kazini. Ni sekunde tatu tu. Lakini huyo ndiye Ralph Kramden. Malalamiko ya mfanyakazi, ambayo Brooklyn yalijaza chumba kizima kwa nusu saa, Bedrock yamewekwa chini ya karo, mdomoni mwa nguruwe anayekula makombo ya jikoni. Mtu akitaka kuandika tasnifu juu ya The Flintstones, namshauri aanze na nguruwe huyo.

Jambo la pili lililoachwa ni kimya. Ralph humtisha Alice. Hukunja ngumi, huitikisa karibu na uso wake, humwambia kwamba siku moja atamrusha hadi mwezini. Hampigi kamwe, na watetezi wa kipindi huridhika na hilo. Mimi siridhiki sana. Ngumi iliyokunjwa na mwanamume mzito katika chumba chenye mlango mmoja ni ngumi, na watazamaji wa leo hawakosei wanapokunja uso. Lakini mtu hawezi kuielewa The Honeymooners bila kutazama Alice anafanya nini wakati huo. Hafanyi kitu. Amesimama, mikono kifuani, anamtazama. Hadhira ya watu elfu inasikika ikingoja, naye Audrey Meadows anaiacha ingoje, halafu anatamka sentensi moja tulivu na yule mtu mkubwa anapungua mbele ya macho yetu. Nguvu yote ya Alice imo katika kule kutosogea.

Wilma hawezi kulifanya hilo. Katika michoro ile iliyopunguzwa kila mtu hasogei, kwa hiyo kutosogea hakuna maana yoyote. Na hakuna hadhira inayongoja, kwa kuwa vicheko vya Bedrock vilibandikwa baadaye, vikiwa vimerekodiwa mahali pengine na watu waliokuwa wakichekea mambo mengine. Ndiyo maana Wilma alipewa maneno mengi zaidi na hasira zaidi, na kitisho cha Fred kikabaki kuwa kelele. Siwezi kusema kwamba ni hasara tupu. Nyumba ya Fred ni nyumba salama kuliko ile ya Ralph, na pengine hiyo ndiyo sababu watoto waliruhusiwa kuitazama.

Na kuhusu watoto, kuna mahali ambapo kazi hizi mbili zinasimulia kisa kimoja kwa miisho miwili. Akina Kramden hawana mtoto. Katika kichekesho kimoja cha mwaka 1955, Ralph na Alice wanapata mtoto wa kike wa kulea, wanamzoea, na Ralph, ambaye alitaka wa kiume, anageuka kuwa baba kamili. Kisha mama mzazi anabadili nia na kumtaka mwanawe. Wanamrudisha. Chumba kinabaki kama kilivyokuwa. Mwaka 1963 huko Bedrock, Barney na Betty, nao bila mtoto, wanamkuta Bamm-Bamm mlangoni. Wanafikishwa mahakamani, wanashindwa na tajiri mwenye haki ya kwanza ya kumchukua, na wakati machozi yanaanza, yule tajiri anapata habari kwamba mkewe ana mimba na anawaachia mtoto. Waandishi wa Bedrock waliufuata uchungu hadi mlangoni, wakarudi nyuma. Ieleweke kwamba wakati huo mtoto alikuwa pia bidhaa. Inaelezwa kwamba Pebbles, binti wa Fred aliyezaliwa mapema mwaka huo huo, alifanywa wa kike kwa kuwa wanasesere wa kike walitarajiwa kuuzika zaidi, na kampuni ya sigara za Winston, iliyokuwa imewafanya Fred na Barney wavute sigara katika matangazo yake, ilijitoa katika udhamini, nafasi ikashikwa na Welch's, watengenezaji wa maji ya zabibu. Mtoto asiyeweza kurudishwa ni mtoto anayeweza kuuzwa dukani.

Pengine msomaji atapinga kwamba ninadai kitu ambacho vibonzo haviwezi kukitoa; kwamba mchoro hauna njaa, na mtu hawezi kuuonea huruma ufukara wa kuchorwa. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama The Simpsons isingekuwako. Kipindi hicho kilianza tarehe 17 Desemba, 1989, na Februari 1997 kilizipita sehemu 166 za The Flintstones. Kisa chake cha kwanza ni cha sikukuu ya Krismasi. Homer, mtu mnene mwenye kazi duni, ananyimwa bakshishi ya mwisho wa mwaka. Akiba ya mkewe imekwisha. Anaficha aibu yake, anakwenda kufanya kibarua cha kuvaa ndevu za Baba Krismasi dukani, analipwa fedha kidogo zisizotosha zawadi, na anazipoteza kwenye mashindano ya mbwa. Hicho ni kisa ambacho Ralph Kramden angeweza kukicheza bila kubadili hata kofia, na kimechorwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kilichotokea Bedrock hakikutokana na ubovu wa kalamu. Kilikuwa ni uamuzi, na uamuzi unaweza kuhakikiwa. Hilo ndilo neno “kuiga” linalotuzuia kulifanya, kwa sababu linamshtaki Hanna kwa kuchukua mengi mno kutoka kwa Gleason, ilhali kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alichukua machache.

Mwaka 1994 The Flintstones ilifanywa filamu ya waigizaji watu, na Fred akapewa John Goodman. Tangu 1988 Goodman alikuwa akionekana kila wiki katika Roseanne, futuhi ya familia ya wafanyakazi ambayo ankara zisizolipwa zilikuwa wahusika wake wa kudumu. Katika filamu hiyo Barney anaibadilisha karatasi yake ya mtihani wa kazini na ya Fred ili kumsaidia rafiki yake. Fred anapandishwa cheo na kupewa ofisi, na amri ya kwanza anayopewa ni kumfukuza kazi aliyepata alama za chini kabisa, ambaye ni Barney. Barney na mkewe wanahamia kwa Fred pamoja na mtoto wao. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba habari za ofisi na za kufukuzwa kazi si mambo ya kuwaonyesha watoto waliokuja kutazama dinosaria. Kwangu mimi ndiyo sehemu pekee ya filamu hiyo ambapo mtu anaweza kuamini kwamba Fred amewahi kuwa na jamaa Chauncey Street.